Ncha ya Shaba na Umeme wa Turkana

Kazi ya bati ninayoikumbuka Kakuma ilikuwa ya nyundo. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, makopo ya mafuta ya msaada yamekuwa yakipasuliwa, yakinyooshwa na kugeuzwa milango, maandishi ya wafadhili yakisomeka bado juu yake. Bati liliungwa kwa pindo, ribiti na misumari, na pindo lililokunjwa vizuri siwezi kulidharau. Kilichokuja kuibadilisha kazi hiyo ni umeme. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilianza kuzalisha mwaka 1991, lakini laini yake kuu ilielekea Lessos. Kwa miaka mingi Lodwar ilitegemea mitambo ya dizeli, na Kakuma ikaishi kwa jenereta za wafanyabiashara waliovuta nyaya hadi kwa majirani. Leo mitandao midogo ya sola imefika Kakuma na Kalobeyei. Kwa hiyo fundi wa jua kali ana haki ya kufikiria mashine ya kuchomelea kwa nukta, ile inayobana mabati mawili kati ya ncha mbili za shaba na kupitisha mkondo mkubwa kwa muda mfupi, mpaka chuma kiyeyuke palepale yanapogusana.

Hoja yangu ni kwamba mashine hii inaifaa Turkana, ila kasoro zake hutafutwa mahali pasipo. Nukta ikiachia, fundi hulaumu mashine, kisha huongeza mkondo. Tuanze na umeme wenyewe. Joto la nukta hufuata kipeo cha pili cha mkondo, na mkondo hushuka pamoja na volti. Volti 240 zikishuka hadi 216, upungufu ni asilimia 10 tu, lakini joto linalobaki ni asilimia 81. Zikifika 192, inabaki 64. Taa itaendelea kuwaka na simu itachajiwa kama kawaida, huku nukta ikiwa imeshika juujuu tu. Waya mrefu na mwembamba kutoka kwa jirani ndio unaokula volti hizo, hasa saa ambazo kila duka limewasha friji. Dawa ni waya mnene na mfupi, pamoja na kupima volti wakati mashine inabana, kwa sababu kipimo cha mashine iliyotulia hakisemi lolote.

Kisha ziko ncha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa bati la milimita 1, ncha hutakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 5 hivi. Kwa kugongwa na kupata moto, shaba hutanuka kama kichwa cha uyoga. Ikifika milimita 7, eneo la mguso limekaribia kuongezeka maradufu, na mkondo uleule umetawanyika. Fundi akijibu kwa kuongeza mkondo, ncha inazidi kulainika na kutanuka. Mabati ya zinki huharakisha jambo hilo, kwani zinki hushikana na shaba na kuichafua. Moshi wake nao huleta homa, kwa hiyo kazi ifanywe penye hewa. Tupa laini, kiolezo cha umbo na vipande viwili vya bati vya kujaribia vinatosha kujua hali. Vibandue vipande hivyo: nukta nzuri hung'oka na kuacha tundu kwenye bati moja, nukta mbovu huachana pasipo alama ya maana.

Wapo watakaosema mtandao wa sola hauwezi kubeba mashine kama hiyo. Hofu yao ina msingi, lakini tutofautishe nguvu na nishati. Mashine ikivuta wati 10,000 kwa sekunde 0.2, imetumia jouli 2,000, sawa na taa ya wati 10 ikiwaka dakika 3 na sekunde 20. Tatizo ni ule mvuto wa ghafla, na kwa bati jembamba zipo mashine za kapasita zinazojichaji polepole kisha kuachilia mara moja. Wengine watasema fimbo ya kawaida ya kuchomelea inatosha. Inatosha kwa fremu ya lango. Kwa bati la jiko au la sanduku la shule hutoboa kabla ya kuunga.

Pingamizi zito zaidi ni maji. Mashine kubwa hupozwa kwa maji, na maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi inayoganda ndani ya mipira na kuiziba. Joto la Lodwar, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, huzidisha shida. Hilo halizuii kazi: maji safi yasiyo na chumvi yazungushwe kutoka tangi lililofungwa, kivulini, badala ya kuunganisha mashine na bomba. Vumbi nalo lipulizwe kutoka kwenye transfoma, umeme ukiwa umezimwa.

Kwa hiyo wanaonunulia vyuo vya ufundi vya Lodwar na Kakuma mashine hizi, nawaomba wasinunue mashine peke yake. Wanunue pamoja nayo ncha za akiba, tupa, mita ya volti na tangi la maji.