Haki na Beseni la Samaki

Somo la haki za binadamu na somo la viumbe hai hukaa shuleni kama jirani wawili wasiojuliana hali. La kwanza hufundishwa katika Uraia. Huandikwa ubaoni na kukaririwa. La pili lilipasa kushikwa kwa mikono, lakini aghalabu nalo huandikwa ubaoni na kukaririwa vile vile. Mwanafunzi hutoka katika kipindi kimoja akijua kuwa watu wote ni sawa, akaingia katika kingine akachora moyo wa chura ambaye hajapata kumpasua. Hutahiniwa katika yote mawili, akafaulu, na asiulizwe hata siku moja kama ameona kwa macho yake.

Walakini masomo haya ni ndugu, na udugu wao umeandikwa. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948, katika ibara yake ya 27 lampa kila mtu haki ya kushiriki katika maendeleo ya sayansi na kufaidi matunda yake. Ibara hii husomwa kwa haraka, kwa kuwa walimu hukawia zaidi katika uhai, uhuru na kura. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo iliingiziwa orodha ya haki na wajibu mwaka 1984, ibara yenye namba hiyo hiyo ya 27 yamtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Kulingana kwa namba ni sadfa tu. Lakini mtu aliyenyimwa njia ya kuijua bahari atailindaje?

Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Ni kijiji cha kale cha wavuvi, chenye magofu ya msikiti na makaburi yaliyopambwa vyombo vya Kichina. Mji mkubwa umekifikia na kukizunguka, lakini ngalawa hazijaondoka. Mbele yake kiko kisiwa cha Mbudya, ambacho mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Hapo hapo Kunduchi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha elimu ya viumbe vya bahari, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi inafanya kazi zake. Basi mtoto wa mvuvi aweza kwenda shule miaka mingi akipita karibu na wenye hadubini, naye asiitie jicho hata mara moja.

Si kwamba jambo hili halikufikiriwa. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichangishwa, na kuta zikainuka. Lakini chumba si maabara, kama vile jungu tupu lisivyo chakula.

Katika shule moja ya upande huo alikuwapo mwalimu wa baiolojia, mwanamke wa makamo, ambaye chumba chake kilikuwa na meza, mabomba yasiyotoa maji na chupa moja ya iodini. Iodini ilipokwisha kugeuza rangi ya kila kipande cha muhogo kilichopatikana, mwalimu aliwachukua wanafunzi wake wa kidato cha tatu, maji yalipokupwa, akawapeleka kwenye mikoko. Aliwaambia walambe jani la mchu. Wakacheka, wakalamba, wakakuta chumvi. Mti ule hunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi huitoa kwa matundu madogo ya majani yake. Aliwaonyesha mbegu ya mkoko, jinsi inavyoota ingali imeshikwa na mama yake, ikarefuka kama mshale, ndipo ikaanguka topeni ikiwa tayari ni mche. Wanafunzi wawili watatu, ambao darasani hawakupata kufungua kinywa kwa hofu ya Kiingereza, walieleza mambo ambayo mwalimu mwenyewe hakuyajua. Lugha ya kufundishia katika sekondari ni Kiingereza, nalo ni jambo la haki pia, ijapokuwa haliandikwi katika daftari la Uraia.

Juma lile lile, katika kipindi cha Uraia, msichana mmoja aliuliza hivi: ikiwa Katiba yasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi, mbona wavuvi wa juya hukimbizwa? Juya ni wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukweni. Wengine huuita kokoro, na sheria ya uvuvi imeukataza. Mwalimu wa Uraia alijibu kwamba hayo ni mambo ya idara ya uvuvi, wala hayatokei katika mtihani. Jibu hilo halikuwa la uongo. Lakini msichana alikuwa na sababu ya kutotosheka nalo, kwa kuwa baba yake alikuwa mvuvi wa juya.

Swali lilihamia kwa mwalimu wa baiolojia. Naye hakulijibu, alikwenda pwani asubuhi akanunua beseni la samaki wadogo, tasi na changu, akaliweka juu ya meza ya maabara pamoja na nyembe na rula. Kila samaki alipimwa urefu, akapasuliwa, na jike akatafutwa mfuko wake wa mayai. Mfuko uliokomaa huwa mnene, una rangi ya manjano, na punje zake huonekana bila ya hadubini. Usiokomaa huwa kama uzi tu. Majike waliokuwa na mayai walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Chumba kilinyamaza. Juya hupita juu ya nyasi za baharini, na katika nyasi hizo ndimo samaki wengi hulelewa. Mbele ya wanafunzi palikuwa na beseni zima la watoto.

Ndipo msichana yule aliposema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hawa ni wa baba."

Alikuwa amewatambua tangu mwanzo kwa beseni lenyewe, akapasua na kuandika kama wenziwe. Mwalimu alitazama madaftari, akaagiza kwamba mahali pa jina la mvuvi paandikwe "beseni la kwanza", basi. Katiba humlinda mtu na faragha yake katika ibara ya 16. Lakini yamkini mwalimu hakuifikiria ibara, alimfikiria mtoto.

Msichana alikwenda nyumbani na daftari. Kumweleza baba habari za samaki kulikuwa na shida mbili: ya kwanza ni adabu, na ya pili ni kwamba maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Akayageuza moja moja. Baba alisikiliza mpaka mwisho, wala hakugomba. Kesho yake alikwenda shuleni.

"Mwalimu," alisema, "mmekwenda siku moja, bamvua, mkapima beseni moja, mkahukumu mwaka mzima. Samaki ana mwezi wake. Aliyekwisha kutaga naye tumbo lake huwa tupu. Mmejuaje huyu ni mtoto na huyu ni mzazi aliyemaliza?"

Maneno hayo yalikuwa ya sayansi kamili. Mfuko mwembamba peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Hapana budi kuulinganisha na urefu wa samaki, na kupima tena katika siku za maji mafu, na tena kusi na kaskazi. Yalikuwa maneno ya sheria pia, kwa kuwa ibara ya 13 ya Katiba yataka mtu asikilizwe kikamilifu kabla haki zake hazijaamuliwa. Hakimu hukiita kitendo hicho kusikiliza upande wa pili. Mwanasayansi hukiita kurudia jaribio. Darasa lile lilikwisha kukariri yote mawili, kila moja katika daftari lake, bila ya kujua kuwa ni kitu kimoja. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, impayo mtoto haki ya kutoa maoni yake, ilikuwa imekwisha kutendeka usiku uliotangulia, nyumbani kwa mvuvi, bila ya kutajwa.

Mwalimu alimwomba mvuvi aje wakati wa maji mafu, naye akaja. Beseni la pili lilikuwa na samaki wakubwa zaidi kidogo, na majike wenye mayai wakaongezeka, ila wadogo walibaki kuwa wengi. Mvuvi aliliona hilo mapema kuliko wanafunzi, kwa kuwa rula alikuwa ameishika yeye. Alikuwa akitaja urefu, na binti yake akiandika. Walipofika katikati alimnyanyua tasi mmoja, akamgeuza, akamweka kando.

"Huyu usimwandike, mwanangu," alisema. "Mkia umekatika. Atatuharibia hesabu."