Kisanduku cha Mapokezini

Muuguzi alimwambia binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, avute pumzi hadi kifua kijae, kisha apulize kama anayezima mishumaa. Alipuliza mara tatu. Ya tatu ikamtoa machozi. Hiyo ndiyo spirometria: hupima hewa itokayo katika sekunde ya kwanza, na jumla yake hadi mapafu yaishiwe. Kile kipimo cha plastiki tulichokuwa nacho nyumbani, mjukuu wa kifaa alichokibuni Basil Martin Wright katika miaka ya 1950, huonyesha kasi ya juu ya pumzi tu, na mtoto akichoka au akifanya mzaha hudanganya. Kipimo cha tatu hakikutaka nguvu. Kilitaka pumzi moja ndefu, tulivu, ili kisome oksidi ya nitriki, dalili ya uvimbe katika njia za hewa.

Viwili vya kwanza vilisema mtoto hana neno. Cha tatu kikavikana, nami niliyekesha nikisikiliza kifua chake kikilia nilikisadiki hicho.

Nikaomba karatasi ya spirometria. Asilimia 92 ya kinachotarajiwa. Kinachotarajiwa kwa nani? Daktari, kijana muungwana, akanionyesha mstari: mweusi. Hesabu ile, ya mwaka 2012, iliwatarajia watoto weusi pumzi pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko wa Kizungu. Dhana yenyewe ni kongwe. John Hutchinson alitangaza spirometa yake London mwaka 1846. Haukupita muda, Samuel Cartwright, daktari wa Marekani aliyetetea utumwa, akaitumia kudai kwamba mapafu ya watumwa yana kasoro.

Lakini kisanduku nilikitia alama mimi, kwa mkono wangu, kule mapokezini. Babu yake mzaa baba ni mtu wa Sur, bibi yake mzaa mama ni Mpemba. Nilisita, foleni ikanisukuma, nikachagua. Kisanduku cha pili yake kingetoa mtoto mwingine.

Daktari alikokotoa upya kwa kipimo cha watoto wa Kizungu: ikashuka chini ya 80. Mapafu ni yale yale. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza hesabu moja isiyouliza rangi. Sisi tulikuwa tumekwisha kutoka na dawa ya kuvuta, asubuhi na jioni.

"Mama, kwani nimefaulu au nimefeli?" aliniuliza kwenye basi. Karatasi zote mbili zilikuwa mapajani mwangu.