Sauti ya Hawe kwa Volti 24

Rekodi yenyewe ni ya dakika sita. Hawe anaimba huku anapepeta mahindi, na mimi nimeificha simu nyuma ya sufuria. Alipofariki, shangazi alitaka jambo moja tu: usiku wa matanga, sauti ile isikike uwanja mzima.

Sasa, disco matanga zimepigwa marufuku Kilifi zaidi ya mara moja, na sababu tunazijua. Kwa hivyo niliposema "amplifaya" wazee walinikazia macho. Nikawaambia ni hawe peke yake. Wakanyamaza.

Shida ilikuwa umeme. Nyumbani kwetu, ukiacha barabara kuu pale Mariakani ukashika njia ya Kaloleni, tunategemea sola na betri. Amplifaya kuukuu ya nyumbani ingezimaliza kabla ya usiku wa manane. Transista zake hukaa nusu wazi, kama bomba la maji lisilofungwa sawasawa, na umeme mwingi unaishia kuwa joto. Ukiipapasa mgongo baada ya saa moja, unautoa mkono haraka.

Nikanunua kibodi kidogo Mombasa, kile cha chipu ya TPA3116. Hii ni daraja D, na D si dijitali bana, ni herufi tu iliyokuwa inafuata. Transista zake hazikai nusu wazi. Zinafunguka kabisa au zinafungika kabisa, mara 400,000 kwa sekunde, kisha koili na kapasita zinalainisha vipande vile viwe muziki. Umeme unaoingia, karibu asilimia 90 unaweza kufika kwenye spika.

Nilisoma uhandisi wa umeme miaka miwili kabla karo haijanishinda, kwa hivyo nilijiona mjuaji. Nikaunganisha na betri moja, nikacheza rekodi. Hawe aliposema polepole, safi. Alipopandisha sauti, ikakwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Shangazi alisikiliza kidogo akaondoka. Zilibaki siku tatu.

Nikakimbilia kwa fundi mmoja pale Mariakani, mzee anayetengeneza redio za malori. Nikaanza kumweleza habari za muda mfu, nilivyofundishwa. Unajua ile barabara ya Mombasa inavyopanuliwa, magari yanabanwa njia moja na vijana wawili wanashika vibao? Wakiruhusu wote pamoja, malori yanakutana uso kwa uso. Ndivyo transista mbili zikifunguka pamoja: umeme unapita moja kwa moja, chipu inaungua. Kwa hivyo huachwa pengo la nanosekunde ambapo zote zimefungwa. Pengo likizidi, wimbi linapinda na sauti inaharibika.

"Ni kweli, mwanangu," fundi akasema. "Lakini pengo hilo limefungiwa ndani ya chipu. Utalifikia na nini?"

Akanionyesha koili. Ndogo, nyembamba, za kubana bei. Chipu hujisikiliza na kujirekebisha, akasema, lakini hujisikiliza kabla ya koili. Mkondo ukiwa mkubwa, koili ndogo inashiba sumaku, inaacha kufanya kazi yake, na hakuna wa kuisahihisha. Miaka miwili ya chuo, nimefaulu mtihani wa muda mfu, na sikuwahi kujiuliza chipu inasikiliza wapi.

Halafu akasoma boksi: wati 300. Akacheka hadi akakohoa. Tulipiga hesabu nyuma ya risiti. Volti 12, spika ya omu 4: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 8, wati 18 kila upande. Ukiomba zaidi, wimbi linakatwa kichwa. Si uongo mpya huu. Mwaka 1964 Sinclair wa Uingereza aliuza X-10, mojawapo ya amplifaya za kwanza za aina hii, akitangaza wati 10. Zilikuwa kama mbili na nusu.

Na waya zangu? Nyembamba, ndefu. Mkondo wa ampea 10 kwenye waya wa omu 0.1 unapoteza volti nzima, wati 10 zinapasha waya moto bure.

Akabadilisha koili, akaweka kapasita kubwa karibu na chipu, akakata waya akanipa nene na fupi. Betri mbili tukazifunga kwa mfululizo. "Zikijaa ni volti 25 na nusu hivi, na kikomo ni 26. Sola usiiunganishe wakati inapiga. Chaja itapanda hadi 28."

Usiku ule niliketi kando ya betri kama mlinzi. Hawe aliimba. Pale anapopanda, nilifumba macho nikingoja mkwaruzo, nikasikia mahindi yakidondoka kwenye ungo, punje kwa punje. Mzee mmoja alivua kofia.

Saa kumi alfajiri niligusa bati la kupozea. Vuguvugu, kama chai iliyosahaulika. Mita ilisoma volti 24.3. Shangazi akaja na leso yake mabegani, akaketi chini karibu nami.

"Irudie, mwanangu," akasema. "Pale anapopanda."