Ikwalaiza ya Shilingi 23,000

Prodyuza wetu hapa Katelembo anataka ikwalaiza mpya. Si mashine, ni programu ya kupachikwa ndani ya programu ya kurekodia, na bei yake ni karibu shilingi 23,000. Ile aliyonayo, anasema, imelala, haina uhai. Yangekuwa maneno tu ningenyamaza, lakini pesa anazozitazama ni za kwaya ya kina mama, zimechangwa kwa chama wiki baada ya wiki, na mama yangu anaimba sauti ya pili.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili na siku hizi nakula kwa kuandika. Hesabu za mawimbi, hata hivyo, hazikuniacha. Nikapakua toleo la majaribio la hiyo ya kulipia, nikamwambia, "Bro, tupime kwanza."

Tangu George Massenburg aieleze ikwalaiza ya parametriki mwaka 1972, kazi ni ileile: unachagua masafa, unachagua desibeli ngapi za kupandisha au kushusha, unachagua upana. Tatizo ni kwamba upana wa 1 hapa si lazima uwe upana wa 1 kule. Waundaji hawahesabu sawa. Ukinakili nambari utasikia tofauti, na utaapa kwamba ni ubora. Kwa hiyo nililinganisha michoro yenyewe, desibeli 4 juu kwenye 3,000 Hz, mpaka ikalaliana. Kisha nikageuza wimbi la moja juu chini, nikayajumlisha yote mawili. Yakiwa sawa yanafutana. Kilichobaki kilikuwa chini ya desibeli −120, na CD nzima ina nafasi ya takriban 96 tu.

Kuna mahali hayakufutana: juu kabisa, kwenye 16,000 Hz. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, masafa yanaishia 22,050, na ikwalaiza nyingi za kawaida hubana mchoro zikikaribia huko. Ile ya kulipia imerekebisha hilo. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini kwaya ina nini huko juu? Pumzi kidogo, na kayamba.

"Lakini mimi naskia," alisema.

Sawa. Kwanza nikasawazisha sauti, maana ile mpya alikuwa ameipandisha karibu desibeli moja, na sikio hukiita kizuri kile kilicho juu kidogo. Nikamchezea mara 16 bila kumwonyesha ipi ni ipi. Kubahatisha hukupa kama 8. Mimi ningemwamini akipata 12. Alipata 9.

Alivua hedifoni, akakaa kimya. Halafu akasema studio za mjini Machakos zinayo, na mteja hutazama skrini kabla hajasikiliza chochote. Kwa hilo sikuwa na kipimo. Ana kodi ya kulipa, na mteja akishuka mjini harudi. Ila mabati juu ya chumba chake, yanayovuma kila soprano akipanda, hakuyataja.

Jioni nilimpa mama hedifoni, nikamchezea faili ile ya kujumlisha.

"Mbona haiimbi?"

"Hiyo ndiyo tofauti, Mama. Ndiyo ya 23,000."

Aliisikiliza mpaka mwisho, dakika nne nzima, kisha akampigia mweka hazina.