Nilimlisha Kinyonga Mende wa Jikoni, Wacha Niwaambie

Najua mmezoea nikiongea hapa kuhusu matatu na kodi ya nyumba, lakini leo ni kinyonga. Ndio, kinyonga. Wale mliona ile video yangu mkaniuliza "unauza ngapi?", hii ni yenu.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imetoka kunyesha. Hapa kwetu Buruburu kuna majamaa walikuja kukata fensi ya kayaba, wakaiacha imenyolewa kipara. Karibu na matawi yaliyoanguka, watoi wamezingira kitu, kila mtu na jiwe mkononi. Kinyonga. Kijani, urefu wa kiganja changu. Kama umekulia mtaani unajua vile hiyo stori huisha. Eti kinyonga ni nuksi. Shosho yangu ana ile hadithi ya kinyonga aliyetumwa awaambie watu hawatakufa, akatembea polepole mpaka ndege akamtangulia na habari mbaya. Mpaka leo tunamlipiza.

Nikamchukua na kijiti, nikampeleka kwa nyumba, nikajiona shujaa. Nikamweka kwa katoni karibu na dirisha, nikarekodi video. Watu wakapenda. Sasa ikabaki swali moja dogo: huyu mtu hula nini?

Siku ya kwanza nilimpea mende aliyekufa. Hata hakumwangalia. Kumbe kinyonga hutafuta kitu kinachosonga. Yale macho yake yanazunguka kila moja kivyake, yakipata mdudu anayetembea yote mawili yanaelekea hapo, halafu ulimi unatoka, mrefu kuliko mwili wake. Kitu kimelala kwake ni kama ukuta tu.

Siku ya pili nikashika mende mzima chini ya sinki. Pap! Akamla. Nikarekodi hiyo pia, nikampea wengine wawili. Kitu nilisahau ni kwamba mathe alikuwa amepiga dawa ya mende hiyo wiki. Mende anaweza kutembea na sumu mwilini kabla hajafa. Kesho yake kinyonga alikuwa amegeuka rangi ya matope, macho yamefungwa mchana kweupe. Kinyonga akifunga macho mchana, jua ni mgonjwa.

Hapo ndio nilianza kusoma, usiku, na simu ya asilimia kumi. Nikagundua kuchagua wadudu ni kazi ya mtu mzima. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Vimulimuli usijaribu hata mmoja, wana sumu inayoweza kuua mjusi. Nyenje ni wazuri, lakini ukiwaacha ndani usiku, wao ndio watamuuma yeye. Na wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hivyo ukimlisha aina moja tu, mifupa inalegea, miguu inapinda. Mdudu mwenyewe lazima ale vizuri kwanza, sukuma wiki na karoti, ndio faida ifike kwa anayemla.

Wadudu wenye kalsiamu nzuri ni wale funza wa BSF, wanaofugwa kwa takataka na kulishwa kuku. Hapo Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na hao funza ni baadhi ya wadudu wanaowatafiti. Jamaa mmoja wa kuku akanipea konzi moja bure. Kinyonga alikula wawili, akakataa wengine.

Halafu nikasoma kuhusu jua. Mwili wake unahitaji miale ya jua ndio utumie hiyo kalsiamu, na kioo cha dirisha huzuia miale hiyo. Kwa hivyo pale nilikuwa nimemweka aote jua, alikuwa anapata mwangaza tu. Maji nayo nilikuwa nimemwekea kwa kifuniko cha chupa. Kinyonga hunywa matone kwa majani. Alikuwa na kiu siku hizo zote, kifuniko kimejaa mbele yake.

Na kwa simu, jumbe zinaingia. "Buda, niuzie." "Natoa elfu mbili." Nitasema ukweli, nilifikiria. Elfu mbili ni pesa. Lakini nikakumbuka wale vijana wawili wa Ubelgiji, miaka 19 kila mmoja, walioshikwa Naivasha Aprili 2025 na malkia wa sisimizi karibu 5,000. Mei hiyo korti ya JKIA ikawapiga faini ya milioni moja kila mmoja, au mwaka mmoja jela. Kwa wadudu! Na kulingana na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS ni kosa. Hapo ndio nilielewa kwamba shujaa wa video alikuwa mshukiwa.

Siku ya sita akafungua macho vizuri. Asubuhi hiyo nilimpeleka kwa vichaka vilivyobaki kando ya Mto Ngong, mbali kidogo na mahali watu huchoma taka. Akapanda tawi kwa ule mwendo wake wa kusitasita. Sikurekodi.

Maoni yangu ni haya. Chakula bora cha kinyonga ni fensi yenye majani, isiyopigwa dawa. Nzi, panzi, nyenje, jua na umande, vyote viko hapo bila wewe kutoa shilingi. Ukimpata barabarani, mpandishe kwa kijiti, mweke kwa kichaka cha karibu, uende zako. Wakija kukata fensi ya mtaa wenu, waombe dakika kumi mwangalie matawi kwanza. Na ukiona watoi na mawe, waonyeshe vile macho yake yanazunguka. Wale wetu waliacha mawe chini nilipowaonyesha. Mmoja huniuliza mpaka leo kama kinyonga amerudi.

Fensi bado haijamea.