Nilimwuliza Alama, Sikumwuliza Usingizi

Nina jambo la kuungama kwenu, akina mama wenzangu. Mwezi Juni 2018 nilifungua daftari la mwanangu bila ruhusa yake, nikalisoma.

Najua lilikuwa kosa. Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia wasichana wanaokuja kwa mazoezi wodini kwetu kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, haisomwi na kila apitaye. Lakini siku ile uuguzi niliuacha mlangoni. Nilikuwa mama mwenye hofu, na hofu ya mama haibishi hodi.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Dayosisi yetu ya Iringa ina uhusiano na Sinodi ya Saint Paul, katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Uhusiano huo ulianza mwaka 1987 na unaitwa Bega kwa Bega. Wenzetu huja kututembelea, nasi huenda kwao. Mwaka ule nami nilikuwamo katika kundi la wageni. Kwa neema ya Mungu, mwanangu wa kwanza alikuwa anasoma chuo hukohuko, ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa pili. Ratiba ya kanisa ilipokwisha nilibaki kwake siku tisa.

Nilikwenda na mzigo moyoni. Matokeo yake ya mwezi Mei yalikuwa yameshuka, na kila nikimwuliza kwa simu alijibu kwa mkato, "Nitajitahidi, Mama." Kisha siku ya kwanza tu, kijana wa Kikenya anayekaa naye nyumba moja akanitania, "Mama, huyu wako hatumwelewi. Hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na mkoba wake mgongoni." Nilicheka pamoja nao, lakini usiku sikulala. Kijana wa miaka ishirini anatoka alfajiri kwenda wapi? Mama, nadhani unajua mawazo yaliyonipitia.

Niliamua kunyamaza na kutazama. Kusema kweli, maisha niliyoyaona hayakuwa ya kijana aliyepotea. Chuo kilikuwa kimefungwa, naye alikuwa amepata kazi ya likizo palepale chuoni: kukata majani, kupalilia bustani, kupaka rangi vyumba vya bweni. Alianza saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, shati limelowa jasho. Alipika mwenyewe. Ugali aliusonga vizuri kuliko baba yake, kwa unga alioununua kwenye duka la Wasomali. Jumamosi alinipeleka sokoni mjini, ambako wakulima wa kabila la Wahmong, waliokuja kama wakimbizi kutoka Laos tangu miaka ya 1970, huuza mboga zao. Tulinunua vitunguu vya majani na majani machanga ya njegere, nikayakaanga kwa karanga. Wale vijana walilamba sufuria.

Kilichonishangaza zaidi ni mwanga. Kwetu Iringa mwezi Juni ni wa baridi na masweta, na jua likizama kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni kila mtu yuko kwake. Kule ndiyo mwanzo wa kiangazi. Jua lilizama saa tatu usiku! Tulikula chakula cha jioni nje, watoto wa jirani bado wanaendesha baiskeli. Mchana mmoja unafika saa 15 na nusu. Nilisema moyoni, watu hawa wamebarikiwa. Sikufikiri kuuliza mwezi Desemba hali inakuwaje.

Siku ya nne, alipokuwa kazini, niliingia chumbani kwake kufagia. Daftari lilikuwa mezani, la jalada la kijani. Nikalifungua.

Kurasa za mwisho zilikuwa na orodha. Tarehe, saa, mahali, kisha majina na hesabu: robin 6, mbayuwayu 11, bata 4. Nikapindua, na kupindua tena. Ndege! Mwanangu alikuwa anatoka alfajiri kwenda kuhesabu ndege kando ya mto Mississippi. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Ningeliishia hapo ningekuwa na kisa cha kuwachekesha nyumbani. Lakini niliendelea kurudi nyuma, hadi mwezi Januari. Huko hapakuwa na ndege. Palikuwa na mistari michache tu. "Leo tena sikutoka kitandani." "Sijala tangu jana, sina hamu." Na mmoja ambao mpaka leo naweza kuusoma nikifumba macho: "Mama amepiga. Ameuliza alama. Nimesema nzuri."

Akina mama, nimewahudumia wagonjwa wengi. Najua kuona upungufu wa damu kwa kutazama kope. Lakini mwanangu aliugua kwa miezi, nami nikaongea naye kila Jumapili baada ya ibada, nisitambue lolote, kwa kuwa nilikuwa na swali moja tu.

Jioni ile nilimwambia. Nilitaka kuficha, ila nilijua nikificha nitakuwa nimekosa mara mbili. Aliposikia, uso ulimbadilika. Hakunifokea. Alisema tu, "Mama, hilo lilikuwa langu," akaondoka na baiskeli yake. Alirudi giza limeshaingia. Nilikuwa nimemwekea chakula, hakukigusa.

Nililala nikiomba. Asubuhi, saa kumi na moja kamili, mlango uligongwa. "Mama, umeamka? Vaa sweta. Twende."

Tulitembea mpaka mtoni bila kuzungumza. Mto ule huanzia ziwa Itasca, kaskazini ya jimbo lilelile, ukaenda zaidi ya kilometa 3,700 mpaka Ghuba ya Mexico. Pale tuliposimama ulikuwa umetulia, na ukungu juu yake. Ndege walikuwa wanapiga kelele kama watoto wa shule ya awali. Akanipa darubini, akanionyesha tawi refu. Kilikuwa kiota kama mfuko, kinaning'inia, na kando yake ndege wa rangi ya chungwa na nyeusi.

"Huyu hukaa kwenye nchi za joto majira ya baridi, mwezi Mei hurudi," alisema. "Anashona kama mnana wetu. Ila kwa mnana, dume ndiye anayefuma. Hawa ni jike."

"Kumbe hata huku mama ndiye anayejenga," nikasema.

Akacheka. Hapo ndipo alipoanza kunieleza.

Mwezi Desemba kule mchana haufiki hata saa tisa. Aliingia darasani gizani na kutoka gizani, na baridi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 20 na zaidi. Mwaka wa kwanza alivumilia. Mwaka wa pili mwili ulikataa. Alilala sana na kuamka amechoka, vitabu vikawa havimwingii, marafiki akawakwepa. Alidhani ni uvivu, au imani imepungua. Mwalimu mmoja aligundua kwamba kiti chake kiko wazi, akampeleka kwa mshauri nasaha wa chuo. Akatibiwa. Mshauri alimwambia atoke nje kila asubuhi penye mwanga, awe na jambo la kumtoa. Mwanafunzi mwenzake akamwazima darubini. Alianza na ndege wawili. "Ilibidi nihesabu kitu," alisema, "la sivyo ningerudi kitandani."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alitazama maji. "Mngeuza ng'ombe mwingine mnirudishe nyumbani. Na ningeonekana nimeshindwa."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, kwa daftari na kwa maswali yangu yote ya Jumapili. Alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa darasa la tatu.

Sasa naomba niseme kama muuguzi. Hiyo ni aina ya sonona inayofuata majira. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984 huko Marekani. Huwapata zaidi watu wa nchi zenye mchana mfupi wakati wa baridi, na sisi tuliozoea mwanga wa karibu saa 12 mwaka mzima hatuitambui. Si uvivu wala si kukosa imani. Hutibika: kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa akiona inafaa, na kwa taa maalumu yenye mwanga mkali, ambayo mgonjwa hukaa mbele yake kila asubuhi, kwa kawaida nusu saa, kwa maelekezo ya mtaalamu. Na sonona si ya Ulaya na Marekani peke yake. Inaweza kumpata mwanao aliye hosteli Dodoma au Mbeya. Tazama dalili hizi zikizidi wiki mbili: usingizi uliobadilika, hamu ya kula iliyopotea au kuzidi, kuacha aliyoyapenda, kujitenga, kujiona hafai. Akitamka kwamba heri asingekuwapo, usingoje hata siku moja; mpeleke hospitali, na asiachwe peke yake.

Tena usidharau mambo anayoyapenda mwanao kwa sababu hayaleti cheti. Mimi ningesikia kwa simu kwamba anahesabu ndege, ningemwambia aache mchezo asome. Nami ningekuwa namnyang'anya fimbo yake ya kutembelea.

Mwanangu alihitimu, na ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la chuo chake. Jumapili bado tunaongea. Huanza mimi: "Kamwene, mwanangu. Umelalaje? Umekula nini? Umeona ndege gani?" Akinijibu kwa mkato, sikati simu. Nangoja.

Daftari la kijani hajaliacha mezani tena mbele yangu. Sina haki ya kulalamika.