Beki Namba Tatu



Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya mpira wa miguu. Tunawajua wale miongoni mwenu watakaoguna, hasa akina mama wa Jumapili ya kwanza, wanaodai kuwa mpira umekwisha kuwaibia waume zao na sasa unataka kuwaibia na padre. Tunawaomba wavumilie kidogo.

Mwaka 1985, na tena mwaka 1986, timu ya Majimaji ya hapa kwetu Songea ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Mwaka 1998 ikautwaa kwa mara ya tatu. Vijana wetu waliozaliwa baadaye wanaikumbuka zaidi ile timu iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2015 na kuteremka mwaka 2018, hivyo tunapowasimulia habari za ubingwa hututazama kwa adabu, kama mtu amtazamavyo babu anayedai kuwa aliua simba kwa mkuki. Lakini ilikuwa hivyo. Timu ya mji ulio karibu kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam iliwashinda wakubwa wa Pwani na wa Visiwani. Na jina lenyewe lilikuwa na uzito wake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 katika mji huu kwa sababu ya Vita vya Majimaji, na kila mwaka tunawakumbuka. Wana Lizombe walipoingia uwanjani na jina hilo, wazee wetu hawakuona kuwa wanatazama mchezo tu.

Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi. Palikuwa na redio moja ya mkulima, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, na watu zaidi ya thelathini tuliizunguka kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Wenzetu kila mmoja alikuwa na mshambuliaji wake. Sisi tulimpenda beki wa kushoto, namba tatu. Watangazaji hawakumtaja mara nyingi, kwa kuwa beki anayefanya kazi yake sawasawa hana habari ya kutangazwa. Tulibahatika kumwona kwa macho mara mbili katika Uwanja wa Majimaji. Mara ya pili winga wa timu ngeni alianguka akishika kifundo cha mguu, na mpira ukabaki miguuni mwa namba tatu, mbele yake kweupe. Aliutoa nje, akarudi, akamwinua yule kijana. Jukwaa zima lilimzomea. Sisi tulirudi nyumbani tukiwa tumeamua kuwa tunataka kuwa watu wa namna hiyo.

Basi, majuma machache yaliyopita tuliombwa kumpelekea Komunyo mama mmoja mgonjwa, katika mtaa ambao hatuna haja ya kuutaja. Kiongozi wa jumuiya alitutangulia. Tulipokelewa na mzee mrefu, mikono yake imelowa povu la sabuni kwani alikuwa akifua mashuka uani. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha ndani. Mama alikuwa amelala upande mmoja. Kiharusi kilimpata miaka mitatu iliyopita na hakikumwachia ila mkono wa kulia na maneno machache. Tulisali naye, akapokea, akafumba macho.

Tulipoinua uso ndipo tulipoiona picha ukutani, imefifia na kuwa ya rangi ya chai: vijana waliovaa jezi, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa. Tulisogea karibu.

"Mzee, hawa si Majimaji?"

"Ndio hao, Padre. Huyu wa tatu kutoka kushoto ni mimi."

Wapendwa, tusiwafiche: magoti yetu yalilegea. Tumewahi kusalimiana na maaskofu na mawaziri bila kutetemeka, na hapa tulishindwa kupata neno. Hatimaye tulimweleza yote, redio, mpira wa baiskeli, yule winga aliyeanguka. Alisikiliza akijifuta mikono kwa kitambaa. Yule winga hakumkumbuka hata kidogo. Alichokumbuka ni kwamba jezi za siku ile zilifuliwa na huyu mama aliyelala hapa, wakati huo mchumba wake, kwa maji ya mtoni, na kwamba yake ilirudi bila kifungo kimoja.

Hapo tukafanya lile ambalo sisi mapadre tumelizoea: tukatoa mfano. Tulimtajia John Stephen Akhwari wa Mbulu. Wengi wenu mnaijua habari yake, maana imehubiriwa katika makanisa mengi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico, Akhwari aliangushwa njiani, akaumia goti vibaya na bega pia. Wakimbiaji 75 walianza. 18 hawakufika mwisho. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, usiku umekwisha kuingia, mguu umefungwa bandeji, anachechemea, na watazamaji wachache waliokuwa wamebaki wakasimama kumshangilia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, ilimtuma azimalize. Mwaka 1983 taifa lilimpa nishani.

Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili mama asisikie:

"Akhwari alikuwa mwanamume, Padre. Lakini Akhwari alijua mstari uko wapi. Ni kilomita arobaini na mbili, zikiisha zimeisha, unakaa chini. Mimi naamka saa tisa usiku kumgeuza asipate vidonda. Nalala, naamka saa kumi na mbili namgeuza tena. Mstari wangu siujui uko wapi, na siku nyingine naogopa kuutamani, maana najua ukifika utakuwa umekuja na nini."

Hatukumjibu. Mtume Paulo alipenda sana mifano ya wakimbiaji, na pale kitandani tulimkumbuka. Ila yeye naye aliandika maneno ya mbio zilizokwisha akiwa tayari anauona mwisho wake. Kuhusu katikati ya mbio, usiku wa manane, beseni mkononi, tulikuwa na maneno machache mno. Tukamuuliza tu anahitaji nini. Alisita sana. Watu huja, alisema, hasa wazee wenzake. Huitazama picha, husimulia mechi zile, humsifu, hunywa chai, huaga. Hajawahi kuwaomba kitu kwa sababu wanakuja na furaha na hapendi kuwaondolea. Lakini kama angepatikana mtu wa kukaa na mama kwa saa mbili tu kwa juma, mtu asiyeogopa kumgeuza, angeshukuru.

Aliomba pia tusilitaje jina lake, nasi tumemtii. Wazee wa Songea mtalijua bila kuambiwa, na tunawasihi mnyamaze.

Jumuiya yake ilikutana Alhamisi ile ile. Yalikuwapo mabishano, kwa kuwa kila nyumba ina mgonjwa wake na mashamba hayangoji, lakini wanawake wawili na kijana mmoja wa kiume walijitolea kupokezana. Kijana huyo anacheza beki katika timu ya mtaa. Mzee mwenyewe alimfundisha jinsi ya kumshika mama chini ya bega bila kumvuta mkono ule uliopooza.

Jumamosi ya kwanza walifika saa nane mchana. Siku hiyo palikuwa na mechi, na wanajumuiya walikuwa wamemtafutia mzee tiketi. Alivaa koti, akaishukuru, akaitia mfukoni. Kisha akaenda nyumba ya pili, kwa jirani, akaomba mkeka, akalala mpaka saa kumi na moja.